Hijama ya Kaisari

Mimi nilitaka Kaisari auawe, na sioni haya kulisema. Nilitaka auawe vizuri, mchana kweupe, pale ngazini, na wale maseneta kumi na tisa aliowalisha kwa mkono wake, halafu nije mimi nisimame juu ya maiti yake niseme dakika saba bila mtu kunikata. Sijawahi kuchinja hata kuku bila kumwambia pole. Lakini huyo mtu ilikuwa lazima afe, kwa sababu asipokufa mimi ningerudi Al-Naseem kwa Madam Hala.

Wacha nieleze, maana najua mtu akisikia hivyo ataniona nimerukwa na akili.

Naitwa Selipher, kwetu ni Ahero. Nilifanya kazi ya nyumba miaka minne Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, nyumba ya ghorofa tatu. Madam Hala alikuwa akiniita yeye akiwa juu kabisa, mimi niko jikoni, na alitaka nimjibu kabla hajamaliza jina. Jina lenyewe alikataa kulijifunza, akanikata nikabaki Sili. Nililala chumba cha kufulia, kichwa kando ya mashine ya kukaushia nguo. Simu yangu ilikaa kwenye droo yake, naipata Ijumaa wageni wakishakula. Mtu akiniambia "si ungevumilia tu" namwambia adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nyamaza.

Mama yangu alipofariki niliomba ruhusa ya wiki mbili. Madam akasema, "Mafi safari, Sili, hakuna kwenda. Ramadhani inakuja." Basi nikaomba simu tu. Nikasimama jikoni katikati ya masufuria, nikarekodi ujumbe wa sauti ili watu wa kanisa wauweke kwenye spika pale kaburini. Yawa, nilimzika mama yangu kwa mdomo, nimevaa aproni.

Nilipomaliza, nikamwona Rayan amesimama mlangoni. Huyo ni ndugu yake madam, alikuwa amekuja kula. Hajui neno hata moja la Kiswahili. Akaniuliza kwa Kiarabu nilikuwa nasema nini, nikamwambia. Akasema ana studio kule Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Wanatia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, zinakwenda televisheni za Afrika Mashariki, na bado hajapata mwanamke anayejua kulia bila kupiga kelele.

Hivyo ndivyo nilivyofika Jeddah. Lakini sikilizeni masharti. Madam aliniazima. Ndiyo, kama vile jirani anavyoazima sufuria. Miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, Rayan anakuwa kafili wangu, yaani mdhamini, ikama, kile kibali cha kuishi huku, inahamia kwake, nalala kwangu, simu ni yangu. Nikishindwa, narudi. Nikiingia garini madam alinichungulia dirishani akaniambia mazulia yatanisubiri.

Tamthilia ilikuwa ya Warumi wa kale. Kuna Kaisari mmoja wa kubuni, Marvilio, ameshinda vita vyote, sasa anataka atawale mpaka Mungu amchoke. Maseneta wanakula kwake jioni, wanacheka, wanamsifu, na asubuhi wanamngojea ngazini na visu ndani ya yale mashuka yao meupe. Sehemu ya ishirini na nne wanamuua. Sehemu ya ishirini na tano mkewe Fabia anatoka nje, anawakuta bado wanafuta mikono, na anasema.

Fabia ni mimi. Sehemu ishirini na tatu nzima yeye hana maneno, ni "karibu bwana wangu" na "usiende leo". Kila kitu chake kimewekwa hapo ngazini. Na Rayan aliniambia wazi: dakika hizo saba ndizo atakazowapelekea wenye televisheni wasikilize. Wakiipenda sauti, wataitaka kwa tamthilia inayofuata, naye atanihamisha. Wasipoipenda, kila mtu na njia yake.

Sasa niwaambie juu ya Mzee Jabir. Yeye ndiye aliyetafsiri maneno, ndiye aliyetusimamia kurekodi, na sauti ya Kaisari ilikuwa yake, kwa sababu hakuna mwingine mle studioni mwenye koo la kutawala. Wazazi wake ni watu wa Unguja. Aliletwa huku mgongoni baada ya mapinduzi ya mwaka sitini na nne, hajafika miaka miwili, na mpaka leo anakaa Al-Hindawiyah na mkewe, Bi Wahida, kwenye nyumba ya kupanga, na ikama mfukoni kama mimi niliyekuja juzi.

Alinichukia tangu salamu. Nilimwambia, "Habari ya asubuhi, mzee." Akanitazama juu ya miwani. "Hiyo salamu au taarifa ya habari?"

Wueh! Nilijua hapo hapo kwamba huyu na mimi hatutapikika chungu kimoja. Kila siku alinipata na kosa. Nasema kwa haraka. Nasema kwa pua. Nasema kama napakua makaa kwa koleo. "Na nyinyi mnasema kama mnapakua halua," nikamjibu siku moja, na Kevin, kijana wa kwetu Kenya anayeshughulikia mitambo, akacheka nyuma ya kioo mpaka akainama. Jabir hakucheka. Alinirudisha sentensi ile ile mara tisa, "usiende leo, usiende leo," mpaka nikatamani huyo Kaisari aende na asirudi.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Kila mtu anaingia chumba cha maiki peke yake, anatazama picha, anasema maneno yake. Jabir anakaa nje na Kevin, kioo katikati, ana kitufe cha kuongea nawe masikioni. Sehemu ikiisha, anatia sahihi kwenye karatasi kwamba kilichosemwa ndicho kilichoandikwa. Rayan hajui Kiswahili, kwa hiyo hana la kutegemea ila sahihi ya Jabir. Akitia Jabir, imepita.

Wiki ya kumi Rayan akaingia na simu mkononi, uso umemkunjamana. Wenye televisheni wameandika. Nchi yao ina uchaguzi karibuni, nchi sitaitaja, na wakubwa fulani wametazama picha wakasema haifai kiongozi kuuawa na viongozi wenzake mbele ya wananchi. Hawataki sehemu hiyo ikatwe, maana wameshatangaza sehemu thelathini. Wanataka maneno yabadilishwe. Kaisari asiuawe.

"Si picha inaonyesha?" Jabir akauliza. Wanaongea Kiarabu, mimi nimekaa kona na chai yangu. "Watu wana visu. Kuna damu."

Rayan akafikiri. Kisha uso ukamfunguka, nikaona kabisa kwamba analeta balaa. "Hijama," akasema. "Wanampiga hijama."

Kama kuna asiyejua, hijama ni kule kuumikwa: unachanjwa kidogo mgongoni, unawekewa vikombe, damu chafu inatoka. Huku watu wanafanya sana, hata Madam Hala hufanya akiumwa kichwa.

"Watu kumi na tisa?" Jabir akauliza. "Hijama moja?"

"Ni Kaisari. Mtu mkubwa ana matabibu wengi."

"Wengine wanampiga tumboni."

"Kevin atatia ukungu hapo."

"Bosi," Kevin akasema kwa Kiarabu chake cha kuokota, "huyo mtu anaanguka, halafu macho yake yanabaki wazi."

"Amezimia. Halas."

"Na Fabia je?" nikauliza mimi. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka.

Rayan akanigeukia. Fabia atasema mume wangu anaumwa, mwacheni apumzike, tutawajulisha. Mistari mitatu, kisha muziki. Nikamuuliza, basi majaribio yangu? Akasema bila hotuba hana cha kuwapelekea, kwa hiyo mwisho wa mwezi atanirudisha kwa dada yake. "Si kosa lako, Selipher," akaniambia, tena kwa upole.

Si kosa lako! Aki ya Mungu kuna neno linaloudhi kama hilo? Afadhali angenitukana.

Nilimtazama Jabir nikidhani atakataa. Mtu anayenirudisha mara tisa kwa ajili ya "usiende leo" lazima atakataa. Akasema, "Tayyib, nitaandika." Akaandika kwa saa moja. Mchana akaingia chumbani akarekodi, mimi niko nje kwenye korido nasikia kila kitu. Kaisari wa Roma yote, na kumi na tisa wamemzunguka, anasema, "Polepole, jamaa zangu. Hapo bega la kushoto ndipo penye damu chafu. Ah! Sasa napata nafuu."

Damu ilinichemka. Alipotoka nilimfuata mpaka chumba cha chai, nikafunga mlango.

"Mzee, huna haya?"

"Adabu yako iko wapi, bibi we?"

"Nimeiacha Al-Naseem, na ndiko unakonirudisha! Mtu amechomwa visu mbele ya macho yetu, wewe unasema anapata nafuu. Unaniita mimi mpakua makaa. Wewe ndiye unapakua uongo na kijiko cha fedha!"

"Unamlilia mtu wa kubuni."

"Nalilia ikama yangu!"

"Ndio useme hivyo," akasema. "Sema ikama. Usinijie na maiti."

Hapo alinipata. Nilidhani imekwisha. Akajimiminia chai, ikamwagika kwenye sahani, na akaanza kusema bila kunitazama.

"Babangu walikuja kumchukua baada ya alasiri. Mie nna mwaka na miezi. Siku ya tatu mamangu akaletewa habari, kafa kwa homa. Maiti hakupewa. Akaambiwa asiulize, na watu wakija kumpa pole awaambie homa. Akawaambia homa. Akaja huku, akawaambia majirani homa. Miaka arubaini kakaa Al-Hindawiyah, kafa hapa, na mimi mwanawe, mtu mzima na watoto wangu, nikimuuliza ananambia, homa, Jabir, homa mbaya sana. Wewe unafikiri mimi sijui kuandika ugonjwa? Nimelelewa nao."

Mtu mwenye moyo angemwambia pole. Mimi sikumwambia. Nilikuwa na hasira, na nilitaka imuume kama ilivyoniuma mimi, kwa hiyo nikasema, "Na leo umemuandikia homa tena."

Akaweka kikombe chini. "Toka," akasema. "Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni mwanamke."

Nikatoka.

Asubuhi yake ilikuwa zamu yangu. Nikaingia chumbani, nikavaa vile vya masikioni. Kwenye kinara kulikuwa na karatasi ya mistari mitatu. Mume wangu anaumwa. Mwacheni apumzike. Tutawajulisha. Picha ikaanza kwenye skrini: Fabia anafungua mlango mkubwa, anashuka ngazi, anaiona damu.

Hotuba ya zamani nilikuwa naijua kichwani, niliikariri wiki ya kwanza. Na nilishapiga hesabu yangu kitandani. Kwa ile mistari mitatu narudi Al-Naseem hakika. Nikisema yote, huenda nikafukuzwa, huenda wakaisikia sauti wakanitaka. Mfa maji haachi kutapatapa. Taa nyekundu ikawaka, nikaisukuma ile karatasi ikaanguka, nikasema.

"Enyi watu wa Roma, msinipe pole. Pole ni ya mtu aliyeuguliwa. Mume wangu hakuugua. Jana usiku alikuwa mzima, akawakatia nyama hawa waliosimama hapa, na huyu Drusko akasema ni tamu, akaomba aongezwe. Watazameni mikono. Wanaifuta, na haifutiki. Nitawataja mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na mama zao, ili kesho asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba mlikosea kuona."

Nikaendelea. Kwa pembeni namwona Kevin amegeuka kumtazama Jabir, na Jabir kidole kiko juu ya kitufe. Nilingoja anikate. Nikataja wa kwanza, wa pili, wa tano. Hakunikata. Nikataja wote kumi na tisa, dakika saba zikaisha, taa ikazimika. Jasho linanitiririka mgongoni.

Kisha sauti yake masikioni. "'Wamemuua.' Umesema kama unauliza. Kwani hujui kama wamemuua? Rudia."

Nikarudia.

"Usilie. Kishalia ndani, hapa katoka kutaja watu. Rudia."

Nikarudia. Mara kumi na moja, mnasikia? Kumi na moja. Kila jina alinirudisha. Alinitukana mpaka nikasahau hofu yangu. Mara ya saba nilimwambia amwite mkewe aje aseme yeye, akaniambia mkewe ana kazi zake, rudia. Mara ya kumi na moja hakunirudisha. Nilipotazama kioo, ameinamisha kichwa, na Kevin anajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Halafu Jabir akainuka, akaingia yeye mwenyewe chumbani, akamwambia Kevin afute ile hijama ya jana. Akafa upya. Safari hii alikufa kama mtu anavyokufa, hakusema neno zuri hata moja, alipumua tu vibaya na kumwita Drusko kwa jina. Alipotoka akachukua karatasi akatia sahihi kwamba kilichosemwa ndicho kilichokubaliwa.

"Ahsante, mzee," nikamwambia.

"Sikukufanyia wewe," akasema. "Bado unasema kwa pua."

Sehemu zote mbili zikapelekwa. Siku nne sikulala vizuri. Siku ya tano, saa nne asubuhi, Rayan akaniita ofisini kwake.

Aliniambia nikae. Hajawahi kuniambia nikae. Akasema wenye televisheni wamempigia wakiwa moto kabisa. Yule mwanamke kasema kauawa, na kataja majina, nani aliyemruhusu? Wameirudisha, wanataka irekodiwe upya, na wanataka aliyebadilisha maneno asiguse kazi yao tena. Lakini, akasema, wakubwa hao hao wameisikiliza sauti hiyo ofisini kwao mara tatu, na wanaitaka. Kwa tamthilia inayofuata, na ya baada yake.

"Kwa hiyo sauti wanaitaka," Rayan akasema. "Mkaidi hawamtaki. Niambie, Selipher. Hao ni mtu mmoja au wawili?"

Nisiwadanganye. Jibu nililijua. Mtu ni mmoja, ni mimi niliyeisukuma karatasi, mimi niliyefungua mdomo kabla mtu hajaniambia. Mzee wa watu alinikuta nimeshaanza. Lakini nilikuwa nasikia ile mashine ya nguo inazunguka kando ya kichwa changu. Nikaona droo ya madam na simu yangu ndani. Niliona nikizeeka mle, jina langu likizidi kufupishwa.

"Wawili, bosi," nikasema. "Ni Jabir. Alinilazimisha kurudia mara kumi na moja."

Rayan hakushtuka. Akafungua droo, akatoa mkataba, umeshapigwa chapa, jina langu lote limeandikwa, akauweka mbele yangu na kalamu.

"Jabir alikuja hapa saa mbili," akasema. "Aliniambia hivyo hivyo. Kwamba wewe ulikataa, akakutisha, na kosa lote ni lake. Nimeshamwachisha. Atafute kafili mwingine, na kwa umri wake simwoni wa kumchukua."

"Sasa bosi, kama ulishajua, kwa nini umeniuliza?"

"Nilitaka kujua kama utasema." Akaegemea kiti chake. "Watu wangu wanaongea siku nzima mbele yangu lugha nisiyoielewa. Wanaweza kunitukana, wanaweza kuniharibia kazi kama hivi, nami nimekaa nakunywa kahawa. Nahitaji mtu wa kuniambia. Sauti nzuri zipo nyingi." Kisha akasema, "Na Kevin? Siku hiyo alikuwa wapi?"

"Kevin anabonyeza tu vifungo," nikasema. "Hasikilizi maneno." Nilisema haraka, macho kwenye karatasi. Sijui kama aliniamini. Alinionyesha pa kutia sahihi, nikatia, mahali patatu.

Nilipotoka, Jabir alikuwa kwenye meza yake karibu na mlango, anaweka vitu kwenye mfuko. Miwani ya akiba, kamusi mbili, kikombe cha chai, kandambili za kuingilia chumba cha maiki. Nilitaka kupita kimya kimya. Ningekuwa na pa kupita ningepita, lakini mlango ni mmoja.

"Umenitaja?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mzee, kumbe wewe mwenyewe ulishakwenda asubuhi. Mimi sikujua. Kama ningejua..."

"Nimekuuliza neno moja."

"Nimekutaja."

Akaendelea kupanga vitu. Kamusi moja haikuingia, akaigeuza, ikaingia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeushika ule mkataba kwa mikono miwili usije ukakunjika.

"Bi Wahida alinambia utanitaja," akasema. "Tumebishana naye tangu alfajiri. Nikamwambia, huyo mwanamke mdomo wake mchafu, adabu hana, Kiswahili chake kinanitia kichefuchefu, lakini hatonitaja. Subiri tu, nikamwambia, utaona, ataitwa na hatonitaja." Akafunga zipu ya mfuko. "Ngoja nikampe ushindi wake."

Akavaa viatu pale pale mlangoni, kimoja kimoja, ameshika ukuta. Sikumsaidia, wala asingekubali. Akashuka.

Siku ya pili Rayan akaniita nirekodi upya ile sehemu ya ishirini na tano. Nikaingia, nikasema mume wangu anaumwa, mwacheni apumzike, tutawajulisha. Nilisema mara moja tu. Hakukuwa na mtu wa kuniambia rudia, na ikama yangu mpya ilitoka Jumatano.